Mshairi Aliyekwenda Kutafuta Chumvi

Jumamosi, 7 Machi 2009

Mvua tangu alfajiri. Malori yamepanga foleni kutoka mpakani hadi nisikoweza kuona. Ofisi yetu ya wakala wa forodha imefungwa mchana, nikaenda ukumbi wa kanisa kumsikiliza Mwalimu Venance. Sikwenda kwa ajili ya Mwalimu Venance. Nilikwenda kwa sababu Fides huwa anakwenda.

Kila Jumamosi Mwalimu anatoa mhadhara. Jina la mihadhara ameliandika ubaoni kwa chaki za rangi: Maisha na Maudhui ya Washairi wa Nchi Mbalimbali. Leo ilikuwa zamu ya mshairi wa nchi moja ya theluji. Kazaliwa, kasoma, kafungwa, kafa. Maudhui yake: upweke, theluji, halafu upweke tena. Fides aliandika yote. Nadhani aliandika hata pale Mwalimu alipokohoa.

Ninataka kumuoa Fides. Naandika hapa ili isije ikasemwa baadaye kwamba sikuwa na nia. Anafanya kazi duka la fotokopi jirani na ofisi yetu, na fomu zangu zote anazitoa nakala yeye. Mwezi uliopita umeme ulikatika, tukakaa kibarazani tukizungumza, akanisimulia habari za kwao. Kwamba wanawake wa nyumba yao hawana bahati na waume. Bibi yake, kule Ileje, mume wake wa kwanza alitoka jioni moja kwenda kuomba moto kwa jirani, akaja kusikika yuko Zambia. Na baba yake mwenyewe Fides, yeye akiwa bado ananyonya, alitoka asubuhi kwenda kutafuta chumvi. Ilikuwa miaka ile ya uhaba. Mpaka leo hajarudi na chumvi haijafika. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikaapa.

Tatizo ni kwamba mama yake na Mjomba Boazi wanaheshimu sana watu wenye elimu. Na mwenye elimu ni Venance. Mimi ni karani.

Basi wakati wa maswali nikasimama. Nikasema mhadhara ulikuwa mzuri ila washairi wa Mwalimu wote ni marehemu, wakati mimi nawajua washairi wa nchi mbalimbali walio hai, wengine nawajua kwa sura. Mwalimu akatabasamu, akaniuliza kama ningependa kuwafundisha Jumamosi ijayo. Nikasema bila shaka. Ukumbi mzima ukageuka. Fides akaacha kuandika, akanitazama.

Ushindi!

Jumatatu, 9 Machi

Simjui mshairi hata mmoja.

Asubuhi nimekagua shehena ya vigae kutoka Ureno. Kwenye katoni kulikuwa na jina la msimamizi wa kiwanda: Anselmo Bragueira. Jina zuri kama nini! Nimemfanya mshairi. Nimempa kikohozi na mke mkali. Maudhui yake: upepo, kifo na vitunguu. Mchana ikaja shehena ya betri, nikampata Ho Lin Pao wa Uchina. Huyu nimemfunga jela kwanza, halafu nimemtoa, halafu nimemrudisha. Maudhui: mlango.

Lakini nilisema nawajua kwa sura, na hakuna atakayeamini kwamba nimewahi kunywa chai na Mreno. Anahitajika wa karibu. Zambia ni karibu mno, mtu akitema mate Tunduma yanaangukia Nakonde. Nimechagua Malawi. Anakaa kule Chitipa, ng'ambo ya mto Songwe. Jina lake halisi analificha, kama washairi wengi. Anajiita Mgeni wa Mtoni.

Hapo ubunifu ukaniishia. Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Mtu akiwa mshairi huwa anafanya nini mchana kutwa? Ndipo nikamkumbuka baba yake Fides. Nimechukua ile chumvi. Nimechukua na ule mkono wa kushoto aliokuwa akiutumia, na ile tabia aliyonisimulia Fides, ya kupiga mluzi kabla ya kula. Fides atasikia, ataelewa kwamba siku ile ya umeme nilikuwa namsikiliza kwa makini, na moyo wake utalainika.

Niliapa kutomwambia mtu habari za baba yake. Sisemi habari za baba yake. Nasema habari za mshairi wa Malawi. Ni vitu viwili tofauti.

Jumamosi, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Mjomba Boazi mbele kabisa, ameshika fimbo. Pembeni yake dada yake, mama yake Fides, Mama Tumpale, ambaye hajawahi kukanyaga mhadhara hata siku moja. Nikajipongeza. Nikajua Fides amemleta aje kunisikia.

Mreno alipokewa vizuri. Walimwonea huruma kwa yule mke. Mchina aliwachosha kidogo, mzee mmoja akauliza kama mlango wenyewe ulikuwa wa mbao au wa bati. Nikaingia kwa Mgeni wa Mtoni. Nikashusha sauti. Nikaeleza alivyotoka nyumbani asubuhi ya mvua, akimwacha mke na mtoto mchanga na maharage jikoni, kwenda kutafuta chumvi. Alivyoaibika kurudi mikono mitupu. Anavyoishi sasa ng'ambo ya mto, peke yake, akiandika kwa mkono wa kushoto. Nikawasomea ubeti nilioutunga mwenyewe Alhamisi nikingoja mihuri:

Nilitoka asubuhi, chumvi kwenda kutafuta,
Hata leo sijawahi, njia yangu kuipata.

Wanawake wakaanza kujifuta kwa kanga. Nikamtazama Fides nione moyo unavyolainika. Fides alikuwa ameinamisha kichwa, kalamu imesimama.

Mama Tumpale akasimama. Akaniuliza, huyo mtu kabla ya kula hupiga mluzi? Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema washairi hawali. Nilisema ndiyo, tena sana, mpaka majirani wanajua chakula kimeiva. Mama akakaa. Akasimama tena. Akasema mbele ya mchungaji na kwaya yote kwamba huyo ni mume wake, Yesaya Kibona, na kwamba kumbe miaka yote hii alikuwa na nafasi ya kuandika mashairi.

Venance alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Sijaelewa kwa nini.

Jumapili, 15 Machi

Nimeitwa kwa Mjomba Boazi baada ya ibada. Nimevaa koti.

Nimepewa kiti cha mto. Mjomba amesema nimefanya jambo ambalo ukoo mzima ulishindwa, na kwamba kijana anayepata watu waliopotea ni kijana wa kukaa naye karibu. Nimeitwa mwanangu. Nimeitwa mwanangu mara nyingi! Kuku amechinjwa. Paja nimepewa mimi.

Kisha Mama Tumpale akaomba namba ya simu ya mshairi. Nikasema washairi wa aina yake hawashiki simu, inawakatisha mawazo. Akasema basi, Chitipa si mbali, Jumatano tutakwenda. Yeye, Mjomba na mimi kama mwenyeji. Tutalala Isongole kwa ndugu, asubuhi tutavuka. Ameshaloweka nguo zake. Ameanza pia kutunga maneno atakayomwambia. Alitujaribishia machache. Mjomba alilazimika kufunga dirisha.

Lakini Mama alikuwa anacheka. Fides alileta maji ya kunawa, akasimama akimtazama mama yake, halafu akanitazama mimi. Sikuweza kuisoma sura yake. Nadhani ni mapenzi.

Jumanne, 17 Machi

Usiku sikulala. Nimefikiria kuugua, lakini Mjomba angesema tungoje nipone. Nimefikiria kumhamishia mshairi Lilongwe. Mama angekwenda Lilongwe. Yule mama angekwenda hata Ureno.

Mchana huu nimefanya lililobaki. Nimekwenda kwao nikitembea taratibu, kofia mkononi. Nimesema kuna dereva wa lori ametoka Chitipa asubuhi na taarifa mbaya. Mgeni wa Mtoni amefariki juzi kwa homa. Wamekwisha kumzika.

Nilitegemea kilio. Mama Tumpale alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akavua kilemba. Halafu akasema, basi mimi ni mjane. Akasema miaka yote watu walikuwa hawajui wamwite nani. Si mke, si mjane, si aliyeachwa. Mwenye nyumba akimuuliza mumeo yuko wapi, alikuwa anasema amekwenda dukani. Sasa angalau ana jibu.

Nilijisikia vibaya sana. Nilitaka kusema kila kitu pale pale. Ila Mjomba alikuwa ameshatoka nje kuwaambia majirani, na sauti yake ni kubwa.

Jumatano, 18 Machi

Msiba umeanza. Turubai limefungwa uani, mabenchi ya kanisa yameletwa, wanaume wanaota moto, wanawake wameinjika masufuria ya kulisha kijiji. Nilidhani mtu aliyezikwa ng'ambo analiliwa kidogo tu, watu wanakunywa chai, wanaondoka. Nimesahau niko wapi. Huku kwetu hakuna anayekosa msiba. Hata wasiomjua marehemu wamekuja, na kwa haki, kwa sababu hakuna anayemjua.

Mimi kama mleta taarifa nimekalishwa karibu na mchungaji. Kila anayefika ananipa mkono wa pole na kuniuliza marehemu aliugua nini hasa. Mpaka jioni ile homa imekuwa na vichomi, uvimbe wa miguu na kwikwi.

Pigo la kwanza. Mjomba amesimama kutangaza kwamba kwa desturi ya ukoo wao, nyumba ikifiwa na baba, binti hachumbiwi mpaka mwaka upite na msiba uondolewe rasmi. Alisema hivyo akimtazama Venance. Kisha akanitazama mimi.

Nimejiulia baba mkwe! Mwaka mzima!

Pigo la pili. Mwalimu Venance ameombwa kuandika wasifu wa marehemu. Nikasema mimi ndiye niliyemjua. Mjomba akasema kwa upole kwamba kumjua mtu ni jambo moja na kumwandika ni jambo jingine, linahitaji elimu. Mwalimu akaniomba nisubiri, akitatizika ataniuliza. Hajatatizika.

Kaka mwingine wa Mama Tumpale amepeleka tangazo redioni. Tumelisikiliza wote saa mbili kamili, limesomwa vizuri sana: Yesaya Kibona, aliyejulikana pia kwa jina la Mgeni wa Mtoni, msiba uko Tunduma nyumbani kwa mjane, habari ziwafikie ndugu wa Itaka, Vwawa, Ileje na popote walipo. Wakasoma na ubeti wangu. Ubeti wangu redioni! Sikuweza kumwambia mtu kwamba ni wangu. Nililia machozi ya kweli, na mama mmoja akanipa leso.

Alhamisi, 19 Machi

Kwao mtu akifia ugenini na mwili usipopatikana, huletwa udongo wa kaburi lake, ukazikwa nyumbani. Nani anajua kaburi lilipo? Wote wameniangalia mimi.

Nimeaga asubuhi nikielekea Malawi. Nimevuka barabara, nimeingia Nakonde, nimekaa kwa binamu yangu Watson nikila karanga. Watson anauza vitenge kule na hana subira. Alipojua kisa chote akasema, mukwai, yaani bwana, wewe siku moja utamzika mtu aliye hai ukitafuta sifa. Hakunipa chakula cha mchana. Nimerudi alasiri. Udongo nimeuchota kando ya maegesho ya malori, mahali palipoonekana safi, nikaufunga kwenye kitambaa cheupe.

Nimepokewa kwa nyimbo. Mjomba akafungua kitambaa juu ya meza. Harufu ya dizeli ikajaa chumba kizima.

Nikasikia jasho likishuka hadi kwenye soksi. Mjomba akanusa tena, akafikiri, akasema bila shaka marehemu alizikwa kando ya barabara kuu, maana alikuwa mtu wa njia. Mama Tumpale akasema hata kaburini huyu mwanamume ananuka safari. Wakaufunika kwa kitambaa kilichodariziwa.

Fides hakunusa. Alikuwa mlangoni na birika la chai, akinitazama viatu. Viatu vyangu vilikuwa na oili.

Ijumaa, 20 Machi

Venance amesoma wasifu. Umechukua muda mrefu kuliko homa yenyewe.

Nimekasirika sana, na hapa tu ndipo ninapoweza kukasirika. Amesema Mgeni wa Mtoni alizaliwa mwaka arobaini na tisa. Hakuzaliwa kabisa! Amesema mto katika jina lake ni ishara ya mpaka kati ya uhai na umauti. Ni mto Songwe, niliuweka mimi, una samaki. Amesema chumvi si chumvi, chumvi ni haki ya mnyonge. Amemgawa katika vipindi vitatu vya uandishi. Ana ubeti mmoja tu! Wazee wakawa wanatikisa vichwa, na Mjomba ananinong'oneza kwamba Mwalimu anamwelewa marehemu kuliko hata mimi.

Nikanyoosha mkono, nikasema kwa ninavyokumbuka chumvi ilikuwa chumvi ya kawaida. Mwalimu akasema kwa huruma kwamba marafiki wa karibu wa msanii mara nyingi hawaoni kina cha kazi yake.

Kesho tunazika udongo.

Jumamosi, 21 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Mchana, kabla ya ibada, watu walikuwa wakigawiwa ugali na maharage. Akaingia mzee mmoja mwembamba, kofia pana ya wafugaji, makatambuga miguuni, vumbi hadi kwenye nyusi. Aliletwa kwa pikipiki na mfugaji mmoja wa kutoka Mbangala. Akamuuliza kijana wa getini ni msiba wa nani. Akaambiwa ni wa mzee Yesaya Kibona. Akasema poleni sana. Akakaa benchi la nyuma, karibu na mimi, akapewa sahani. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaiweka magotini.

Akapiga mluzi.

Jikoni mwiko ukaanguka. Mama Tumpale akatoka, mikono imejaa unga, akapita katikati ya mabenchi na watu wakampisha bila kuambiwa. Akasimama mbele yake. Mzee akainuka, akavua kofia. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa pakiti ya chumvi. Alisema amechelewa kidogo.

Mama akaipokea ile pakiti, akaichana kwa meno, akarudi jikoni. Tulisikia mfuniko wa sufuria. Akaonja. Akarudi, akasema sasa yamekolea. Akamwambia akae pale pale na asiende kutafuta kitu kingine chochote. Ndipo akalia, kwa sauti, kilio ambacho Jumanne hakulia, na Fides akaja akamshika, naye analia, na yule mzee amesimama katikati yao hajui aweke wapi kofia yake. Mimi pia nililia. Sitaki kuficha.

Mzee Yesaya akaeleza. Chumvi aliikosa Tunduma, akavuka kuitafuta Zambia, akaibiwa, akaona aibu. Akasema atarudi akipata. Akaenda machimbo ya dhahabu, hakupata. Mwaka mmoja ukawa miwili, na kadiri siku zilivyozidi ndivyo pakiti moja ya chumvi ilivyoonekana ndogo ya kurudi nayo. Akaishia Mbangala, analima ufuta kwenye ardhi ya wafugaji. Jumatano akasikia redioni kwamba amekufa na mke wake anaitwa mjane. Akasema aliposikia neno lile alishindwa kukaa.

Hapo Mwalimu Venance akasogea na daftari. Kwa heshima kubwa akamwomba Mgeni wa Mtoni atughanie shairi moja. Mzee akasema yeye hajui kusoma. Hajawahi kuandika kitu. Malawi hajawahi kufika.

Nikafumba macho. Nikajua yamenifika.

Mwalimu akaugeukia umma, macho yanang'aa. Akasema mnaona? Unyenyekevu! Ndiyo maudhui ya kipindi chake cha tatu! Watu wakapiga makofi. Mzee akakana tena, wakapiga makofi zaidi. Mjomba Boazi akasema mtu wa fikra huweza kuwa Malawi akiwa amekaa Mbangala.

Kisha Mjomba akatazama ule udongo mezani, akaanza kukunja uso. Akauliza, kama Yesaya ni huyu hapa, huu udongo tulioulilia ni wa nani? Mabenchi yote yakanigeukia. Nilifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu haukutoka uongo hata mmoja.

Fides akasema utakuwa wa mshairi mwingine, wale wa Malawi ni wengi. Akauchukua, akautoa nje.

Jumapili, 22 Machi

Nimekutana na Fides nyuma ya kanisa. Aliniita yeye.

Amesema amejua tangu mwanzo. Habari ya chumvi na mluzi hakuwahi kumwambia mtu mwingine zaidi yangu, kwa hiyo nilipotamka tu alijua. Alikuwa anasubiri mhadhara uishe asimame anifedheheshe mbele ya wote. Ila mama yake akawahi kusimama. Usiku ule mama yake alikaa jikoni akitunga matusi ya kumpokelea mumewe, akicheka peke yake, na Fides hakuwahi kumsikia mama yake akicheka jikoni. Akashindwa kumkatisha. Jumanne nilipomuua mshairi, akasema, alitaka kunipiga kwa birika.

Nikamwomba radhi. Nilimaanisha.

Halafu akasema sababu iliyomfanya mama yake akatae wachumba wote wa binti yake si elimu. Mama aliolewa na mtu mwenye maneno matamu aliyesema anarudi sasa hivi. Anachotaka ni mtu anayesema jambo likawa ndilo. Akasema yeye mwenyewe angenikubali zamani, kabla ya Mreno na Mchina, kama ningeuliza tu. Nilikaa chini kwenye matofali.

Msiba umefutwa kwa kuwa marehemu yupo, na ule mwaka umefutwa pia. Wazee watakaa Jumamosi. Amesema niende. Niseme jina langu, kazi yangu na ninachotaka, kisha ninyamaze. Hakuna mshairi. Hakuna dereva wa lori. Nikiongeza kitu kimoja tu, yeye mwenyewe atawaambia udongo ule ulichimbwa wapi, na nisimfuate tena dukani, fomu zangu nikatoe nakala Vwawa.

Venance hana habari tena na Fides. Anamfuata mzee Yesaya kila mahali, hata chooni anamsubiri nje na daftari.

Nimeapa. Safari hii nimeapa kweli.

Jumamosi, 28 Machi

Asubuhi. Shati limepigwa pasi. Nimejizoeza mbele ya kioo: Mimi ni Sadoki Sichone, ni karani wa forodha, nampenda Fides, naomba kumuoa. Basi. Nimesema mara kadhaa. Inaisha upesi mno. Mjomba hatakuwa hata amemaliza kukaa vizuri kwenye kiti.

Ukweli ninautaka, sina ugomvi nao. Ila ukiwa peke yake unaonekana kama mtu aliyekuja ugenini bila koti. Wazee lazima waulize ukoo wangu, na ukoo wangu ni wauza mahindi. Baba mkwe ni mshairi anayesomwa redioni. Watanionaje?

Nimefikiria sana, na nimeona babu mmoja hawezi kumdhuru mtu. Babu si mshairi wa kigeni. Babu ni wa kwangu, kwa hiyo si kuongeza, ni kujieleza. Nimemweka Zambia, upande wa Mbala, mtunzi mashuhuri, marehemu wa siku nyingi ili asialikwe. Hana kaburi linalojulikana, nimejifunza hilo. Wala hana mluzi. Niko makini safari hii. Maisha yake yamenijia kirahisi ajabu, sijui hata yametoka wapi: alikuwa kijana, ametoka kuoa, jioni moja akatoka nyumbani kwenda kuomba moto kwa jirani, na hakurudi tena. Inasikitisha vizuri. Ina maudhui.

Fides ametuma ujumbe kwamba wazee wameshakaa. Bibi yake pia ameletwa kutoka Ileje jana, amesema lazima amwone mchumba. Hasikii vizuri, hivyo watamkalisha mbele kabisa, karibu na mimi.

Nitaongea kwa sauti.